Kichwa cha Msusi

Sehemu ya kumi na tatu

Wiki iliyopita tulimwacha msusi wetu amesimama katikati ya saluni yake mwenyewe, mchana kweupe, na wigi lake likining'inia mkononi mwa mteja wake, Bi Kelele.

Najua. Wengine wenu mmeniandikia kunilaumu kwamba nimemwaibisha mwanamke mwenye heshima zake. Si mimi jamani, ni sakafu. Bi Kelele aliteleza kwenye povu pale karibu na sinki, akadaka cha kwanza kilichokuwa mbele yake asianguke, na alichodaka kilikuwa nywele za msusi. Zikaja zote.

Draya ikazimwa. Wateja wakageuza shingo kwa pamoja. Hata yule aliyekuwa ameinamia sinki, shampuu imemjaa machoni, aliinua kichwa akauliza, "Kuna nini? Nani kafa?"



Msusi ndiye mwanamke aliyewatengenezea vichwa vyao miaka yote. Ndiye aliyewaambia siri ya nywele ndefu ni usafi na kulala mapema. Na leo wanamwona ana upara! Lakini si upara wote, na hapo ndipo walipochanganyikiwa. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, unang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa umeota nywele fupi, nyeusi tii, laini kama za mtoto mchanga. Katikati ulipita mstari kana kwamba mtu amepima kwa rula.

"Dada," Bi Kelele akasema, ameshika wigi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, "hii nini?"

Msusi aliweka viganja kichwani. Viganja havikutosha.

Mlitegemea kicheko, sivyo? Hata yeye alikitegemea. Alifumba macho akikisubiri. Badala yake alisikia kiti kikisogezwa, kisha vidole vya mtu vikimpapasa upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayepapasa kitu asichokiamini.

Ni mteja mwingine, mke wa fundi seremala. "Hizi zinaota," akasema. "Jamani, njooni mwone, hizi zinaota! Mama, umepaka nini?"

Bi Kelele alitupa wigi kwenye kiti, akavuta kilemba chake kwa nguvu mpaka pini zikatawanyika sakafuni. Kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini hapakuwa na kitu. Misuko ya kubana ilikwishaondoka na kila unywele.

"Nitazameni na mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Mume wangu hajaniona kichwa tangu tuoane. Hata nikiugua nalala na kitambaa. Kama una dawa, dada, usinifanyie hivyo. Nipe."

Mwingine akavua mtandio. Mwingine akainua nywele za bandia akaonyesha kipara cha nyuma ya sikio. Msusi akavitazama vichwa hivyo, vingine alivisuka kwa mikono yake na kuvibana kwa mikono yake, akaanza kulia.

Mtu mmoja tu hakusogea. Alikuwa amesimama kwenye pazia la stoo na taulo kifuani, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni.

Binti yake.

Kwa waliojiunga nasi leo: binti huyu alimaliza shule vizuri, akapata nafasi ya chuo, na kabla hajaenda nywele zikaanza kumtoka. Zilitoka kwa mabaka, asubuhi moja baka hapa, asubuhi nyingine baka pale. Zikafuata nyusi. Zikafuata kope. Chuo hakwenda. Rafiki zake walipomjia alijifungia. Kioo cha chumbani kwake alikigeuza kikatazama ukuta. Na kila alipolia, mama yake alimkumbatia akamwambia, "Vumilia mwanangu, katika ukoo wetu hakuna mwenye upara." Alimwambia hivyo kila mara, akiwa na wigi kichwani.

Binti alimtazama mama yake kichwani kwa muda mrefu.

"Na wewe?" akasema.

Msusi akafungua mdomo amjibu. Hapo hapo mlango wa mbele ukasukumwa kwa bega, na mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe akaingia anahema. Ni wifi, dada wa mume wa msusi. Kaka mtu ni dereva wa lori na yuko safarini, lakini dada mtu hakosekani kamwe. Anafanya kazi kwenye maabara wanakochunguza mimea ya dawa, na leo alikuwa ametoka mbio hata koti la kazi hakulivua. Ndiye aliyemletea msusi yale mafuta, ya majani ya mmea unaoota mitaroni na kukanyagwa na kila mtu. Alimletea kwa siri, kinyume na taratibu za kazini kwao, kwa sababu alichoka kumwona wifi yake akilia bafuni.

"Wifi!" akasema. "Yale mafuta usiyapake tena! Umepaka le..."

Akakiona kichwa. Alisogea, akakizunguka kama fundi anayekagua gari la mteja.

"Ulipaka upande mmoja?"

"Nilipaka kote," msusi akasema huku anafuta machozi. "Kila siku nilipaka kote. Huu upande wa kulia umekataa tu."

"Na wigi? Huwa unalivua wapi?"

"Sasa hilo nalo linahusu nini, wifi?"

"Nijibu."

"Hapa hapa. Wateja wakipungua mchana nafunga mlango, navua, nakula. Nakaa kwenye kile kiti."

Akaonyesha kiti cha dirishani. Kila kichwa, chenye nywele na kisicho nazo, kiligeuka kutazama. Kiti kilikuwa ubavuni mwa dirisha. Ukikaa pale, shavu la kushoto liko kwenye kioo na la kulia liko gizani. Jua lilikuwa limelala juu ya kiti hicho wakati huo huo.

"Ni jua," wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Mungu wangu, ni jua! Mmea peke yake haufanyi kitu. Mmea na jua vikikutana ndiyo mizizi ya nywele inaamka, na rangi inarudi. Ndiyo maana zimekuja nyeusi, wakati zako zilidondoka zikiwa na mvi."

Wasomaji wangu, saluni ikalipuka.

"Kumbe jua tu!"

"Jua la bure!"

"Mimi nyumbani nina kibaraza, nakaa kutwa!"

"Lakini," wifi akasema.

"Liko wapi hilo kopo?"

"Lakini nisikilizeni..."

Nani amsikilize? Neno lakini halina mnunuzi kwenye chumba cha wanawake waliogundua dawa ya upara. Ilibidi wifi apande juu ya kiti, na koti lake jeupe, apige makofi kama mwalimu wa chekechea.

"Nimesema lakini!" akafoka. "Mnajua kwa nini nimekuja mbio? Mwenzangu wa maabara jana alijifutia majimaji ya mmea huo mkononi. Kidogo tu. Akatoka nje akaenda zake, jua linawaka, hakusikia kitu. Hakuwashwa wala hakuumwa. Leo amekuja mkono umevimba malengelenge kama aliyetumbukia kwenye maji ya moto. Mmea ule unaifanya ngozi inywe jua. Jua dogo linakuwa kubwa. Wifi yangu ameponea kwa sababu alipata kidogo kidogo, kupitia kioo chenye vumbi. Mtu akipaka mengi akatoka nje saa hizi, jua liko utosini, ataungua mpaka nyama. Na atajua kesho, akiwa amechelewa!"

Waliokuwa wanatafuta kopo wakarudi vitini.

"Lete kopo nikalimwage," wifi akasema.

Msusi akanyoosha mkono nyuma ya kioo kikubwa, pale anapolificha. Akapapasa. Akachungulia. Kisha akageuka taratibu kutazama stoo.

Taulo zilikuwa chini. Pazia lilikuwa linacheza. Nyuma ya pazia, mlango wa uani ulikuwa wazi.

"Alisikia," msusi akasema. "Alisikia habari ya jua, akachukua kopo katika kelele zile, akaondoka."

Hakuna aliyemwambia akimbie. Alitoka kama alivyo, mikono ina povu, kichwa nusu kwa nusu, akapita uani, akaingia barabarani. Muuza magazeti aliacha kuhesabu magazeti yake. Vijana wa kuosha magari walishika midomo. Mwanamke aliyeficha kichwa chake kwa miaka yote hiyo alipita katikati ya mtaa mzima kikiwa wazi, na wala hakukumbuka.

Aliyekumbuka ni wifi, anayemfuata nyuma viatu mkononi. "Wifi! Wewe umepaka leo?"

"Asubuhi!"

"Basi funika kichwa! Na wewe utaungua!"

"Niache!"

Bi Kelele, ambaye kwa mwili wake hakuna aliyemtegemea kwenye mbio hizi, aliwafikia kwenye kona akamtupia msusi taulo kichwani. "Kimbia nalo," akasema, akashika kiuno, akakaa kwenye ngazi za duka la watu. Safari yake iliishia hapo.

Nyumbani mlango ulikuwa umeegeshwa. Chumba cha binti kilikuwa kitupu. Kofia ya sufu ilikuwa kitandani, na msusi alipoiona alishika ukuta, maana binti yake hakuwahi kuivua hata akiwa amelala.

"Mwanangu! Uko wapi?"

Jirani wa juu alikuwa anashuka ngazi na beseni tupu la nguo. Alitaka kusalimia, akaliona taulo, akaona macho, akafupisha maneno.

"Binti yako yuko juu, kwenye paa. Anaota jua. Nimemwita hajaitika, nikajua ana mambo yake."

Ngazi za jengo lile ni za zege, ndefu, na taa zake ziliungua zamani. Walizipanda wakishikana nguo. Msusi aliusukuma mlango wa chuma wa juu, na mwanga ukawapiga usoni kama kofi.

Binti alikuwa pale, kati ya matenki ya maji, mahali pasipo na kivuli hata cha kidole. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo wima, uso ameuelekeza juu. Kichwa chake chote kilikuwa kinameremeta mafuta. Na juu ya mafuta alikuwa amevaa kofia ya nailoni inayoonyesha ndani, ile ya saluni, anayovishwa mteja akiingia kwenye draya.

Mnaelewa alichofanya? Huyu ni mtoto wa saluni. Amekua akiona mama yake akifanya hivyo hivyo: dawa ikikataa kushika, ongeza dawa, vika nailoni, weka joto, acha muda zaidi. Hakukosea hata hatua moja.

"Toka hapo!" wifi akapiga kelele. "Toka juani! Hayo mafuta yanaunguza!"

"Hayaunguzi," binti akasema bila kushusha uso. "Sisikii chochote."

"Hutasikia leo! Utasikia kesho!"

"Basi kesho."

Msusi akamfuata, akamshika mkono. Binti akaukumbatia mguu wa tenki kwa mkono wa pili, akang'ang'ania.

"Mwanangu, nakuomba."

"Usiniguse, mama."

"Utaungua kichwa chote. Utabaki na makovu. Mahali penye kovu hapaoti nywele maisha yako yote, unanisikia?"

"Kwani sasa zinaota?" Sasa alishusha uso, akamtazama mama yake, na yale macho yasiyo na kope yalikuwa mekundu. "Mlisema mnanitafutia dawa. Kumbe mlikuwa nayo nyuma ya kioo. Ulikuwa unapaka wewe, mimi unaniambia nivumilie."

"Nilitaka nijaribu kwangu kwanza. Niliogopa isije ikakudhuru."

"Hukuogopa kuniongopea? Nilidhani ni mimi tu, mama. Nilidhani nina laana. Nilikaa chumbani najiuliza nimemkosea nani, katika ukoo mzima nimechaguliwa mimi peke yangu. Na wewe uko chumba cha pili una kichwa kama changu! Ukuta mmoja tu, mama. Ungegonga ukuta tu."

Nami sina la kumsaidia msusi, maana binti alisema kweli. Aliona aibu kumwonyesha mwanawe kichwa chake, na aibu hiyo ndiyo iliyompandisha mwanawe huku juu.

"Wifi, kila dakika ni mbaya," wifi akasema kwa sauti ya chini. "Tumbebe."

"Mkinibeba nitarudi," binti akasema. "Mkinifungia nitavunja dirisha. Bora niungue kuliko kubaki hivi. Nimechoka. Nimechoka jamani, hamnielewi?"

Wifi akasogea amshike kiuno. Msusi akamzuia kwa mkono.

Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi sikulitegemea. Alivuta taulo kichwani, akalitupa mbali mpaka likanasa kwenye kamba ya nguo. Akakaa chini kwenye zege linalounguza, karibu na ndoo, akainua uso akautazamisha juu kama mwanawe.

"Mama, unafanya nini?"

"Naota jua."

"Si umepaka na wewe?"

"Nimepaka asubuhi. Kote."

"Wifi, una wazimu!" wifi akalia.

"Tutaungua wote," msusi akasema. Hakuinuka. "Uliungua peke yako muda wote huo na mimi nikiwa chumba cha pili. Leo huungui peke yako. Ukikaa nakaa. Ukitoka natoka."

"Mama, funika kichwa."

"Funika chako."

"Mama, nywele zako zimeshaota! Utaziunguza!"

"Ziungue. Nilizitaka kwa ajili yako. Zitanisaidia nini wewe ukiwa na makovu?"

Binti alivumilia kidogo. Alimtazama mama yake, ule upande wenye nywele nyeusi na ule mtupu, na jasho lililokuwa linashuka katikati. Kisha aliuachia mguu wa tenki, akateremka kwenye ndoo, akamfunika mama yake kichwa kwa kifua chake na mikono yake yote miwili.

"Twende," akasema. "Twende kivulini mama, twende."

Nani kati yenu hakulia hapo? Mimi nililia, na ni mimi ninayeandika.

Waliingia ndani ya mlango wa chuma, kwenye kiza cha ngazi, ambako kuna bomba la kufanyia usafi na kipande cha sabuni ya kufulia. Wifi alichana ile nailoni, akaanza kumsugua binti kichwa kwa mikono ya haraka, anasuuza, anapaka sabuni, anasuuza tena. Alimwosha na msusi. Ngozi ya binti ilikuwa na wekundu kidogo tu, na wifi aliigusa hapa na pale akashusha pumzi.

"Tumemuwahi," akasema. "Siwaahidi kwamba hataungua. Lakini nadhani tumemuwahi. Mtamfungia ndani mapazia yote yakiwa chini, na kesho tutaona."

Msusi akajibwaga kwenye ngazi. Akamvuta mwanawe akamkalisha mbele yake, katikati ya magoti, kama mteja. Akaweka midomo yake kwenye kile kichwa kilicholowa na kukaa hivyo hivyo. Binti alimwachia.

"Utanifundisha kulivaa," binti akasema baada ya muda. "Hilo wigi."

"Nitakufundisha kulivua," msusi akajibu, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliochoka.

Ningependa kuwaacha hapo. Wallahi ningependa.

Lakini wifi alikuwa ameinama kuokota kopo, lililodondoka mfukoni mwa binti. Alilifungua alimwage kwenye shimo la bomba. Akaligeuza. Halikutoka tone.

"Wifi, hili kopo nilikuletea juzi likiwa limejaa?"

"Limejaa. La zamani liliisha jana, hili nimechota vidole viwili tu vya leo asubuhi."

Wifi alitazama kopo, akatazama kichwa cha binti. Huyu mwanamke kazi yake ni kupima vitu kwa tone.

"Kichwa kimoja hakimalizi kopo zima," akasema polepole. "Mengine umepaka wapi?"

Binti akajifuta maji usoni.

"Umejipaka mwilini? Niambie tukuoshe. Sikugombezi."

"Sikupaka," binti akasema. "Nilitaka kope, shangazi. Kope na nyusi. Na pale huwezi kupaka, yanaingia machoni. Nikaona bora yapitie ndani."

"Yapitie ndani vipi?"

"Niliyanywa."

Msusi alimshika mwanawe mabegani kwa nguvu.

"Uliyanywa lini?" wifi akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya maabara.

"Kabla ya kupanda juu. Nikakaa nimeinua uso, macho wazi, ili jua lizifikie kope vizuri. Nilijitahidi nisipepese." Binti akainua mkono, akapapasa hewani mbele ya uso wake kama anayetafuta kitu cha kuondoa. "Mama?"

"Niko hapa mwanangu."

"Toa mikono yako. Mbona mmeniziba macho?"

Msusi alikuwa bado amemshika mabegani. Na mikono ya wifi, yote miwili, ilikuwa kwenye kopo.